Dawa Isiyosikika

"Yalaaa!"

Kabla hujaiona zahanati ya Mtaa wa Chokaa, uliisikia. "Yalaaa! Mama, nakufa!" Sauti ilitoka nyuma ya ukuta, ikavuka barabara, ikawarusha kunguru waliotua juu ya paa la soko. Kikafuata kimya kifupi, kalamu ikikwaruza karatasi, halafu sauti ya pili, ya upole na ya kiofisi: "Yowe moja. Daraja la pili. Anayefuata!"

Mgeni angedhani ndani kuna mtu anachinjwa. Wenyeji walijua kwamba ndani kuna mtu anatibiwa. Hii ilikuwa Jamhuri ya Shubiri, nchi yenye jani la mshubiri kwenye bendera, na chini ya jani hilo maneno matatu ambayo kila mtoto aliyajua kabla ya kujua jina la babu yake: Dawa ni Chungu.

Kiongozi wa nchi hiyo hakuitwa rais. Urais aliuona mdogo. Aliitwa Mganga Mkuu wa Taifa, na kwa miaka ishirini na minane alikuwa akiitibu nchi. Unga ulipopanda bei, alisema dawa ni chungu. Daraja lilipokatika na basi zima likaenda na maji, alisema dawa ni chungu. Mgonjwa hakuwa amepona bado, jambo lililoonyesha wazi kwamba dozi ilikuwa ndogo.

Kwa kuwa dawa ni chungu, isiyouma si dawa. Na kwa kuwa Serikali haiwezi kuingia ndani ya mwili wa kila raia ili kujua kama ameumia, iliweka nje ya kila chumba cha sindano afisa aitwaye Msikilizaji. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya stuli, kusikiliza, na kuandika kwenye Daftari la Yaliyosikika. Mguno haukuhesabiwa. Kilio cha kawaida kilikuwa daraja la tatu. Yowe la daraja la kwanza lilipaswa kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Mwisho wa mwaka zahanati zilishindanishwa, na mwaka jana kombe lilikwenda kwa zahanati ya kata ya jirani, iliyogundua siri ya kutumia sindano butu.

Na hili mlishike, maana litatufaa mbele: kilichoandikwa kwenye Daftari la Yaliyosikika kilikuwa mali ya umma. Hakuna aliyeruhusiwa kukifuta, kukificha wala kukidai kuwa chake. Mganga Mkuu mwenyewe aliitia sahihi sheria hiyo, siku ambayo watu walimpigia vigelegele na akataka visipotee kamwe.

Katika zahanati ya Mtaa wa Chokaa mchoma sindano alikuwa Nesi Sikitu, binti wa miaka thelathini na mbili, mwembamba, mwenye macho yasiyoinama. Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake: kila alilotaka wagonjwa walikumbuke alilitia kwenye vina. Hakuna aliyemfundisha. Akina mama waliondoka wakiimba namna ya kuchemsha maji, na hata aliyesahau jina la nesi hakusahau maji.

Nje ya chumba chake alikaa Msikilizaji, Bwana Kitwana, mzee mpole ambaye miaka ishirini ya mayowe ilikuwa imemwachia kichwa kinachogonga mchana na usiku kama kinu. Hakuwahi kulalamika. Angelalamika kwa nani, na masikio yote ya Serikali yalikuwa yake?

*

Mama yake Sikitu, Bi. Mosi, alikuwa na ugonjwa wa moyo. Kwa miaka kumi na moja alichomwa sindano kila baada ya siku tatu, na mikono yake ilikuwa imetoboka kama chekecheke. Lakini Bi. Mosi alikuwa na kasoro moja kubwa mbele ya sheria. Hakupiga kelele.

"Bi. Mosi," Kitwana alimbembeleza mara nyingi kupitia uwazi wa mlango, "toa hata kauli ndogo nikuandikie. Hata 'aa' tu. Nikiandika nisichosikia nafungwa."

"Kitwana," alijibu mama, akishusha mkono wa gauni lake, "mimi nimezaa watoto watano, na jirani alijua asubuhi alipoona nepi kwenye kamba. Leo nikampigie kelele mtu wa daftari?"

Basi Kitwana hakuandika. Na siku moja ikaja barua yenye jani la mshubiri juu yake. Sikitu aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa amekaa.

"Kwa Bi. Mosi Mkadamu. Uchunguzi wa Daftari umebaini kwamba katika miaka kumi na moja hujatibiwa hata mara moja. Kwa kuwa umeishi muda wote huo bila matibabu, Serikali inakupongeza kwa afya yako njema. Jalada lako litafungwa baada ya siku thelathini, na dawa yako atapewa mgonjwa."

"Wamenipongeza," alisema Bi. Mosi. "Miaka yote hiyo nasubiri mtu anipongeze."

"Mama, huu si mzaha. Bila jalada, Bohari haitoi dawa. Bila dawa..."

"Najua bila dawa, mwanangu. Moyo ni wangu."

Sikitu hakulia. Alikwenda chumbani akavuta sanduku kutoka mvunguni. Ndani ya sanduku kulikuwa na kazi yake ya miaka minne.

Kazi hiyo ilianzia jikoni, mkesha wa Idi. Bi. Mosi alikuwa amefunga, na tangu adhuhuri alikuwa akimenya na kuponda vitunguu saumu vya pilau, beseni zima. Magharibi ilipokaribia, wifi yake akamsogelea, akanusa, akaruka nyuma.

"Wifi! Umekula!"

"Nile nini, na wewe umenikalia mbele tangu alfajiri kama polisi?"

"Mdomo unanuka saumu, wifi! Tena unanuka hasa!"

"Basi vimeingia kwa mikono. Mdomoni hapakupita kitu, Mungu shahidi."

Wifi aliguna na hadi leo hajaamini. Sikitu aliamini. Alikaa jikoni hapo akiitazama mikono ya mama yake, na akawaza jambo ambalo halikuwahi kuwazwa Shubiri: kama kitunguu kinapita kwenye ngozi bila sindano wala kelele, dawa itazuiwa na nani? Ngozi si ukuta. Ngozi ni mlango, na mlangoni kuna bawabu mkali, lakini bawabu huyo anawajua watu wa kuwaruhusu.

Ilimchukua miaka minne kuijua adabu ya bawabu huyo. Dawa nyingine ilikataliwa mlangoni, nyingine iliingia yote kwa mkupuo kama wageni wa harusi. Mwishoni alipata kipande cha plasta kisichozidi kiganja cha mtoto. Juu kilikuwa na utando wa manjano kama kiini cha yai, katikati dawa iliyolazwa ndani ya ulimbo, chini yake chujio jembamba la kuiachia dawa kidogo kidogo, na gundi ya kushika. Ukikibandika ndani ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, kinafanya kazi siku tatu. Usiku unalala. Asubuhi unapika chai. Na moyo unapiga.

Ilibaki karatasi moja tu: hataza. Hataza ni hati inayosema kwamba kitu hiki kimebuniwa na fulani. Na sheria ya Shubiri, ambayo mara mojamoja ilijisahau ikawa nzuri, ilisema kwamba mbunifu mwenye hataza ya kifaa cha tiba atapewa dawa kutoka Bohari bila kuulizwa jalada la mtu yeyote. Akiipata hataza ndani ya siku thelathini, mama ataishi. Asipoipata, Serikali imeshatoa pongezi zake.

*

Ofisi ya Hataza ilikuwa jengo la ghorofa saba, na lifti yake ilikuwa na hataza lakini haikuwa na waya. Ukutani, ndani ya makabati ya vioo, vilipangwa vitu vilivyowahi kukubaliwa. Kulikuwa na mwavuli wenye matundu, ili mwenye nao ajue kama mvua bado inanyesha. Kulikuwa na mashine ya kukunja barua za kujiuzulu za mawaziri, mpya kabisa, haijawahi kutumika tangu nchi ipate uhuru. Kulikuwa na kengele isiyo na faida yoyote ila ilikuwa kubwa sana.

Msajili Mkuu wa Ubunifu, Dakta Kilongola, alimpokea akiwa nyuma ya meza ambayo ingetosha kulaza wagonjwa wanne. Alikuwa amejipa hataza ya namna yake ya kukohoa, na hakuna mtumishi aliyethubutu kukohoa hivyo katika jengo lile. Akakohoa.

"Binti. Ubunifu wako unapiga kelele gani?"

"Haupigi kelele, Mheshimiwa."

"Nitauliza kwa lugha nyepesi. Ukiwashwa, unasikika vipi?"

"Hauwashwi. Unabandikwa." Sikitu alijibandika plasta mkononi mwake, akaunyosha mkono juu ya meza ile kubwa. Dakta Kilongola aliinama akategea sikio. Katibu wake naye akategea sikio. Saa ya ukutani ikasikika.

"Umeanza?"

"Umeanza, Mheshimiwa."

"Mbona sisikii mtu akipona?"

"Kupona hakuna sauti, Mheshimiwa. Chenye sauti ni kuumizwa."

Katibu akadondosha kalamu. Dakta Kilongola aliinuka, akaenda dirishani, akaitazama bendera, na akaanza kuhutubia kana kwamba chini yake kuna uwanja uliojaa watu.

"Binti, unajua unachokiomba? Taifa hili limejengwa juu ya uvumilivu! Leo utampa raia dawa bila maumivu. Kesho atataka barabara bila mashimo. Keshokutwa atataka mahakama bila foleni, na mtondo atauliza kwa nini sisi tuko hapa juu na yeye yuko pale chini! Raia aliyezoea kuumia ni raia mtulivu. Ukimwondolea maumivu, muda wake ataupeleka wapi? Ataupeleka kufikiri!"

Akakohoa kile kikohozi chake, kisha akalainika.

"Lakini mimi si mtu katili. Nitakusaidia. Hapa upande wa ndani, panapogusa ngozi, ongeza sindano. Sindano saba tu, ndogondogo. Raia atapiga yowe, Msikilizaji ataandika, na mimi nitatia sahihi leo hii hii."

Sikitu alimfikiria mama yake na ile mikono. Sahihi leo hii. Siku ishirini na tisa mkononi. Alihisi jibu la ndiyo likimpanda kooni, akalimeza kama mate.

"Mheshimiwa, sindano nimezichoma mimi miaka kumi. Nazijua kwa majina. Kwenye plasta hii siongezi hata mwiba wa mchongoma."

"Basi ombi limekataliwa."

"Basi nakata rufaa."

Rufaa zilisikilizwa na Baraza la Dawa na Uvumilivu, wajumbe saba chini ya mwenyekiti wao, Mganga Mkuu, hadharani mbele ya wananchi. Katibu alifungua kalenda. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa siku ya thelathini.

*

Siku tatu baadaye, saa nane mchana, saa ambayo jua la Shubiri huwafungia watu wote ndani, mlango wa uani wa Bi. Mosi uligongwa. Aliyesimama pale alikuwa amejifunika kanga mpaka puani, na chini ya kanga vilionekana viatu vya ngozi vya ofisini. Akakohoa.

"Karibu, Dakta," alisema Bi. Mosi. "Kanga imekupendeza. Soma jina lake basi, uone inasemaje."

Dakta Kilongola hakusoma. Aliketi kwenye kigoda, akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya mgongo. "Nesi, jambo hili libaki hapa jikoni. Mgongo wangu huu... Sisi wakubwa tuna watu wa kutupigia mayowe. Wangu analipwa vizuri, anayo sauti. Lakini sindano, binti yangu, sindano nachomwa mimi! Miaka kumi na tano! Nikiiona tu, natafuta mlango." Macho yake yalilengwalengwa. "Nitilie hii kwenye plasta yako."

"Ombi langu ulilikataa, Mheshimiwa."

"Nililikataa kama Msajili. Sasa naomba kama mgongo."

Sikitu alimtazama. Angeweza kumfukuza, na wifi wa Bi. Mosi angetoka kupiga kelele mtaa mzima. Lakini alikuwa nesi, na aliyeketi kwenye kigoda alikuwa mgonjwa.

"Sitaki hela yako," alisema. "Ukija tena, njoo na kichupa kimoja cha dawa ya moyo. Na utaibandika hapa, ndani ya mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Siku tatu."

"Na jina langu?"

"Nesi hatangazi wagonjwa wake. Kwangu hutasikika."

Baada ya siku tatu Msajili alirudi amenyooka kama mnazi, na nyuma yake alikuja mjumbe wa Baraza mwenye jino bovu. Kisha akaja mwenye miguu inayowaka moto, kisha mwenye kipandauso. Mpaka wiki ya tatu wajumbe wote saba walikuwa wamepita mlango wa uani, kila mmoja amejifunika kanga, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake. Msajili alichukua plasta mbili zaidi, akasema ni za "ndugu yangu mmoja mzito". Bwana Kitwana alikuja kupitia mlango wa mbele, bila kanga, akakiinamisha kichwa chake kinachogonga, na kesho yake aliamka akisikia ndege kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini. Alikaa kitandani akalia kimyakimya, daraja lisilohesabiwa.

Bohari haikungoja siku thelathini kumnyima dawa, na kwa vichupa vile vya siri Bi. Mosi aliishi. Lakini kila alipombandika plasta mpya, Sikitu alijua anachofanya: anaazima pumzi ya mama yake kwa watu wanaoweza kuamka kesho na mlango wa nyuma wasiujue tena.

*

Siku ya thelathini, Jumatatu, ukumbi ulifurika. Watu wa Mtaa wa Chokaa walikuja na watoto waliokuwa na nundu za sindano mapajani. Bi. Mosi aliketi mstari wa mbele. Chini ya jukwaa, juu ya stuli yake, alikaa Bwana Kitwana na Daftari, kwa kuwa hakuna mkutano wa hadhara uliofanyika Shubiri bila Msikilizaji. Wajumbe saba waliingia na majoho yao ya kijani yenye mikono mipana kama magunia, na nyuma yao akaingia Mganga Mkuu wa Taifa, amebeba tumbo lake kwa heshima.

Dakta Kilongola alisoma uamuzi. "Imethibitika kwamba kifaa hiki hakisikiki. Imethibitika kwamba hakuna raia hata mmoja aliyepiga yowe kwa sababu yake. Kwa hiyo imethibitika kwamba hakijawahi kumtibu mtu yeyote. Wajumbe mnaokubali ombi likataliwe milele, nyosheni mikono ya kulia, juu kabisa, mbele ya Taifa!"

Mikono saba ikapanda kwa pamoja. Na kwa kuwa majoho yalikuwa mapana, na kwa kuwa kitu kipana kikiinuliwa hushuka, mikono saba ya majoho ikateremka mpaka mabegani.

Plasta saba za manjano ziliwaka kama taa.

Kisha kutoka nyuma mwanamke mmoja akasema, bila kupaza sauti sana, "Kumbe wenzetu walishapona!" Hapo kicheko kikalipuka, kikagonga bati, kikarudi. Wajumbe walitazamana mikono, kila mmoja akishangaa uhaini wa wenzake. Mganga Mkuu akasimama akainua mikono yake yote miwili kutuliza watu, na joho lake, ambalo lilikuwa pana kuliko yote, likashuka.

Yeye alikuwa nazo mbili.

Basi hapo Sikitu akamjua yule ndugu mzito.

Kiongozi mdogo angeona haya. Mganga Mkuu hakuwa mdogo. Alingoja kicheko kichoke, akatabasamu, akaigonga ile plasta ya kulia kwa kidole.

"Wananchi! Mnachokiona hapa ni Nishani ya Ngozi, nishani ya juu kabisa ya Taifa! Kuanzia leo ubunifu huu ni mali ya Serikali, na utavaliwa na viongozi peke yao, kwa kuwa viongozi wameumia vya kutosha kwa niaba yenu! Raia wataendelea na sindano, maana dawa ni nini?"

Watu hawakujibu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minane.

Akamgeukia Sikitu, sauti ikashuka ikawa asali. "Binti yangu, wewe nakuteua Mbandikaji Mkuu wa Ikulu. Na jalada la mama yako litafunguliwa upya, la kwake peke yake, mpaka mwisho wa maisha yake. Tia sahihi hapa kwamba mbinu hii umetuachia na hutaifundisha kwingine."

Katibu aliweka karatasi mezani. Mstari wa nukta ulikuwa umenyooka vizuri. Sikitu aliishika kalamu. Hakuna mtu katika ukumbi ule ambaye angemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza. Alimtazama mama yake, akautazama mkono uliotoboka, akawatazama watoto wenye nundu. Kalamu ilikuwa nzito kuliko sindano yoyote aliyowahi kushika.

"SIKITU!"

Sauti ilitoka mstari wa mbele, ikavuka ukumbi, ikatoka nje, na ng'ambo ya barabara mwenye duka la viatu akatoa kichwa dirishani. Bi. Mosi alikuwa amesimama.

"Miaka kumi na moja nimenyamaza ili watu hawa wasifurahie kilio changu! Sikunyamaza ili wewe uje uninunulie pumzi kwa vidonda vya watoto wa wenzangu! Walitaka kitu kisikike? Basi wasikilizishe! Paza sauti!"

Mkono wa Kitwana ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini. "Bi. Mosi Mkadamu," alisema huku akiandika. "Yowe moja. Daraja la kwanza." Kisha akainua kichwa polepole, akatambua alichokiandika. "Mheshimiwa Mwenyekiti, jalada la mama huyu si tupu tena. Kisheria haliwezi kufungwa."

Sikitu aliiweka kalamu chini. Akasogea mbele ya jukwaa, akavuta pumzi mpaka tumboni, na akafanya kile alichokuwa akifanya siku zote alipotaka watu wasisahau.

*Ngozi si ukuta, jama, mlango wenye bawabu,*
*Ukibisha kwa huruma, hufungua taratibu,*
*Funika juu daima, unyevu usiharibu,*
*Dawa itapita nyama, pasi chozi wala tabu.*

"Mzuieni!" alipiga kelele Dakta Kilongola. "Hizo ni siri za hataza!" Askari wawili wakaanza kupanda ngazi. Lakini mstari wa kwanza wa akina mama ulikuwa umeshaanza kuitikia, maana walizoea kuitikia, na kalamu ya Kitwana ilikuwa inakwenda mbio.

*Kati dawa kimbilio, kwenye ulimbo ilale,*
*Chini yake ni chujio, itoke kwa polepole,*
*Gundi ndiyo shikilio, siku tatu palepale,*
*Tumechoka na kilio, tangu leo si ya wale!*

"Chana ukurasa huo!" Mganga Mkuu alimnyooshea Kitwana kidole, na nishani yake ya kulia ikameremeta.

Mzee alilifunga Daftari, akaliweka kifuani, akalikumbatia. "Mheshimiwa, sheria uliitia sahihi wewe. Kilichosikika hakifutwi, hakifichwi, hakidaiwi na mtu." Akatabasamu kama aliyesikia ndege. "Na hiki, Mheshimiwa, nimekisikia vizuri sana."

Ukumbi mzima sasa uliimba. Walioketi nyuma, ambao hawakupata ubeti wa kwanza, walifundishwa na waliokaa mbele. Waliosimama nje madirishani walifundishwa na walioketi nyuma. Mwenye duka la viatu, mtu wa gundi na ngozi maisha yake yote, aliomba arudiwe mstari wa chujio. Wajumbe saba waliivuta chini mikono ya majoho yao, lakini hakuna hata mmoja aliyeibandua plasta yake.

Askari walimfikia Sikitu, wakamshika mikono yote miwili. Hakushindana nao. Walipompitisha mbele ya mstari wa kwanza alikita miguu chini, nao, ambao mmoja wao alikuwa ameshaanza kunong'ona ubeti, wakajikuta wamesimama.

"Unaumwa?" alimuuliza mama yake.

"Hata," alisema Bi. Mosi. "Nimekauka koo tu. Sijazoea."

"Basi nisikilize, na Bwana Kitwana aandike." Sikitu aliinua sauti mpaka ikazifunika beti, ili jukwaa lote lisikie pia. "Hiyo uliyovaa ni ya siku tatu. Usiibandue, na mtu asikuchome. Wanipeleke wanakonipeleka, wafunge milango wanayoifunga, Alhamisi asubuhi, kabla chai yako haijapoa, nitakuja kukubadilishia plasta, mama, kwa mkono wangu huu."